Bunduki ya jirani: kwa nini kaunti zinaomba sheria kali ya silaha na kalamu iko Nairobi

Kila mara watu wakipigwa risasi Kapedo au mifugo ikichukuliwa Bonde la Kerio, mtandao hugawanyika pande mbili kabla hata maiti hazijafika mochari. Upande mmoja unauliza, "Gavana yuko wapi?" Upande wa pili unajibu, "Usalama si kazi ya gavana, soma katiba." Halafu gavana mwenyewe anatokea kwenye runinga, anataka serikali kuu ikaze sheria ya silaha, na wale wale waliokuwa wanamtafuta wanamwambia anapiga siasa.

Mimi nasema pande zote mbili ziko sawa nusu nusu, na nusu iliyobaki iko kwenye historia. Huu uzi ni mrefu, kwa hivyo tafuta mahali ukae. Na kama kawaida ya hapa, hatutaji mwanasiasa wala chama. Nikisema "gavana mmoja" usinitumie jina lake kwa inboksi, nalijua.

Tuanze na katiba kwa sababu ndiyo watu wanapigana nayo sana. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linagawa kazi kati ya serikali kuu na kaunti. Ulinzi wa taifa, huduma za polisi, sheria za jinai na magereza, zote ziko upande wa serikali kuu. Kaunti imepewa zahanati, masoko, machinjio, barabara za kaunti, chekechea, hata udhibiti wa mbwa (sifanyi mzaha, leseni ya mbwa imo). Bunduki haimo. Bunge la kaunti linaweza kutunga sheria ya kuku anayezurura lakini haliwezi kutunga sheria ya AK-47.

Kuna mlango mdogo. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011, kifungu cha 41, inaunda Mamlaka ya Polisi ya Kaunti, na mwenyekiti wake ni gavana au waziri wa kaunti aliyemteua. Kazi yake ni kupendekeza vipaumbele, kufuatilia mwenendo wa uhalifu, kusukuma polisi jamii. Kwa karatasi ni kitu kizuri. Kwa mashinani, kikao cha usalama kinachohesabika bado ni kile cha kamishna wa kaunti, na kamishna anaripoti Nairobi. Gavana anaweza kununulia polisi magari, na kuna waliofanya hivyo miaka ya mwanzo ya ugatuzi, lakini hawezi kumwambia dereva aende wapi.

Kwa hivyo kaunti ikitaka sheria kali zaidi ya silaha, kilichobaki ni kuomba. Tena kuomba wazi wazi, kwa matamko, kwa Seneti, kwa Baraza la Magavana. Hiyo ndiyo "siasa" mnayolalamikia. Sasa swali la maana ni hili: kwa nini sheria ya bunduki imekuwa ya mji mkuu tangu mwanzo, na wale wanaokaa na hizo bunduki wamekuwa wakisema nini muda huo wote?

Sheria ya kwanza kubwa ya silaha kugusa nchi hii haikuandikwa Nairobi. Haikuandikwa Afrika kabisa. Mwaka 1890 mataifa yalikutana Brussels kuzungumzia biashara ya watumwa, na mkataba waliotia sahihi ukapiga marufuku kuingiza bunduki za kisasa katika ukanda wa Afrika kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini. Tafuta ramani uangalie: Kenya yote imo ndani. Bunduki zilikuwa zinaingia kupitia pwani, Zanzibar ikiwa soko kubwa, na misafara ya pembe za ndovu ilikuwa inazibeba bara. Hoja ya utumwa ilikuwa ya kweli. Lakini hao hao waliopiga marufuku walikuwa wanajiandaa kutawala, na ni rahisi kumtawala mtu asiye na bunduki.

Ethiopia lakini ilikuwa na bunduki zake. Mwanzoni mwa karne ya 20 soko la Maji, kusini magharibi mwa Ethiopia, lilikuwa linauza bunduki kuelekea Turkana, zinabadilishwa kwa pembe na mifugo. Waturkana walizitumia kuwapinga Waingereza. Mwaka 1918 Waingereza wakatuma msafara mkubwa wa kijeshi, unaitwa Labur kwenye vitabu, vikosi vya Afrika Mashariki pamoja na vya Sudan. Walichukua bunduki na walichukua mifugo kwa wingi mno. Turkana ikapokonywa silaha.

Halafu nini? Shikilia hapa, kwa sababu hiki kipande kitajirudia mpaka 2023. Waliopokonywa walikuwa upande mmoja wa mpaka. Upande wa pili, Wadassanech, ambao serikali ya wakati huo ilikuwa inawaita Merille, walibaki na zao. Turkana ikavamiwa miaka mingi, na serikali iliyochukua bunduki haikuwa na askari wa kutosha kuilinda. Ukimwambia mzee wa Turkana Kaskazini leo kwamba serikali inakusanya silaha kwa usalama wake, jua kwamba anajua hadithi hiyo kukuliko wewe.

Sasa turuke mpaka Hali ya Hatari. Sheria ya Silaha tunayotumia mpaka leo, Sura ya 114, iliandikwa 1953 na kuanza kutumika 1954. Imefanyiwa marekebisho mara nyingi lakini mifupa yake ni ya wakati huo. Fikiria ni wakati gani huo. Kanuni za Hali ya Hatari zilikuwa zimefanya kupatikana na bunduki kuwa kosa la kunyongwa. Dedan Kimathi alikamatwa Oktoba 1956 na shtaka lililompeleka kwa kamba Kamiti, tarehe 18 Februari 1957, lilikuwa kupatikana na bastola na risasi. Hiyo tu, kwa karatasi. Kiongozi wa vita vya msituni alinyongwa kwa kosa la silaha.

Sisemi Sura ya 114 ni mbaya kwa sababu ilizaliwa enzi mbaya. Sheria nyingi zetu zilizaliwa huko. Ninachosema ni kwamba ilibuniwa na serikali iliyowaona raia kama hatari ya kudhibitiwa. Anayetoa leseni ni ofisa wa serikali kuu. Hakuna mahali ambapo baraza la wilaya, la mji au la wazee linaulizwa chochote. Katiba ya 1963 ilijaribu kuyapa majimbo usemi katika polisi wa majimbo, lakini mpango huo wa majimbo ulikufa ndani ya mwaka mmoja hivi, na mabaraza ya kaunti yaliyobaki yakaendelea kunyang'anywa kazi mpaka yakabaki na takataka na ushuru wa soko.

Upande wa kaskazini, serikali kuu ilikuja kwa njia nyingine: operesheni. Baada ya vita vya Shifta vya miaka ya sitini, eneo lote lilitawaliwa kwa sheria za dharura kwa muda mrefu. Mwaka 1979 utawala wa kijeshi wa Uganda ukaanguka, kambi ya Moroto ikavunjwa, na Wakaramojong wakachukua bunduki za kisasa kwa mamia. Baadaye, 1991, serikali za Ethiopia na Somalia zikaanguka mwaka mmoja, na bei ya bunduki mpakani ikashuka. Mkuki ukawa wa picha za watalii.

Katikati ya hapo kuna Februari 1984 na Wagalla. Serikali ilitaka ukoo wa Degodia wa Wajir wasalimishe silaha. Wanaume walikusanywa wakapelekwa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, wakawekwa juani siku kadhaa bila chakula wala maji, wengine wakapigwa risasi. Serikali ilikiri watu 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyotoa ripoti yake 2013, ilisikia ushahidi wa vifo vinavyokaribia 1,000. Hii iliitwa kupokonya silaha. Ilikuwa "sheria kali ya bunduki" kwa vitendo.

Ndiyo maana nakasirika kidogo (kidogo tu) nikiona mtu wa Nairobi anaandika "wapokonywe tu, mbona ni ngumu". Si ngumu kwa sababu watu wanapenda bunduki kuliko amani. Ni ngumu kwa sababu neno lenyewe lina damu.

Sasa sehemu ambayo shuleni hawatufunzi, na ambayo mimi naona ndiyo tamu kuliko zote.

Wajir, miaka ya tisini mwanzoni. Ukame, uchaguzi wa vyama vingi, bunduki kutoka Somalia, koo zinapigana. Miaka tisa hivi imepita tangu Wagalla, kwa hivyo hakuna mtu anaomba jeshi. Kilichotokea ni kwamba wanawake wa sokoni walianza kukutana. Soko la Wajir lilikuwa limegawanyika kiasi kwamba mwanamke wa ukoo huu hanunui maziwa kwa mwanamke wa ukoo ule. Wakaanza na hilo, kuhakikisha kila mtu ananunua na kuuza. Mmoja wao alikuwa Dekha Ibrahim Abdi, ambaye baadaye alijulikana dunia nzima kwa kazi ya amani na mwaka 2007 akapata tuzo ya Right Livelihood. Wakawavuta wazee, vijana, maofisa wa wilaya. Wazee wakakubaliana, 1993, katika tamko linaloitwa Al Fatah. Kamati ya amani ya wilaya ikazaliwa, na mfano huo baada ya machafuko ya 2007 na 2008 ukasambazwa nchi nzima.

Halafu 2001, jamii za kaskazini mashariki na majirani zao zikakutana Modogashe. Azimio la Modogashe lilizungumzia malisho, wizi wa mifugo, na biashara ya silaha haramu. Kwa maisha ya mtu likaweka fidia: ng'ombe au ngamia 100 kwa mwanamume, 50 kwa mwanamke. (Ndiyo, nimeona hiyo nusu. Wanawake ndio walioanzisha amani na bei yao ikawa nusu. Tuendelee.) Uzito wa azimio ni kwamba watu wenyewe, bila kulazimishwa na helikopta, walikaa wakakubali kwamba silaha haramu ni tatizo lao pia. Kama unataka ushahidi kwamba mashinani wanaweza kuunga mkono udhibiti wa bunduki, ndio huo, miaka 12 kabla ya gavana wa kwanza kuapishwa.

Tatizo la Modogashe lilikuwa mbili. Kwanza halikuwa sheria. Mahakama haiwezi kuhukumu kwa ngamia, na mshukiwa akikimbilia mahakamani, au akikimbilia Somalia, azimio linaisha nguvu. Pili, wazee wa Garissa na Wajir hawana la kufanya kuhusu bunduki inayotoka mbali. Wanaweza kukubaliana kati yao lakini hawawezi kufunga mpaka, kuweka alama kwenye bunduki, wala kujua risasi imetoka ghala gani. Hayo ni ya serikali kuu. Kwa hivyo makubaliano ya chini yanaomba sheria ya juu, yanahitaji yenyewe kushikiliwa.

Na sheria ya juu ilikuwa inaandikwa wakati huo huo, tena hapa hapa. Tarehe 15 Machi 2000 nchi 10 za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika zilitia sahihi Azimio la Nairobi kuhusu silaha ndogo ndogo. Aprili 2004 likageuzwa kuwa Itifaki ya Nairobi, yenye nguvu ya kisheria. Itifaki inataka bunduki za serikali ziwekwe alama, rekodi zitunzwe, raia wakatazwe kabisa bunduki za rashasha, na nchi zishirikiane mipakani. Kuna shirika zima la kanda, RECSA, lenye makao makuu Nairobi. Kwa hivyo mtu akikuambia Kenya haina mpango wa silaha, mwambie mpango upo, una anwani na una maegesho ya magari.

Lakini angalia nani alikuwa mezani. Mawaziri, mabalozi, maofisa wa polisi. Modogashe na Nairobi ziliandikwa karibu wakati mmoja, kuhusu bunduki zile zile, na watu wa meza moja hawakuwa wanaketi kwenye meza nyingine.

Nina kitu kingine ambacho huwa kinanyamazisha mijadala. Mwaka 2008 watafiti wa Small Arms Survey walichunguza risasi haramu Turkana Kaskazini. Waligundua kwamba karibu nusu ya risasi zilizokuwa zinazunguka huko zilikuwa zinatoka kwa polisi wa Kenya wenyewe. Si wizi wote. Sehemu kubwa ilikuwa ni kugawa kwa kujua, ili Waturkana wajilinde dhidi ya wavamizi kutoka Sudan na Uganda, kwa sababu serikali haikuweza kuwalinda. Yaani serikali ile ile iliyotia sahihi Itifaki mwaka 2004 ilikuwa inajazia magazini raia. Na ukilifikiria kwa makini, afisa aliyekuwa analinda kijiji kwa askari wachache na gari moja bovu, ungetaka afanye nini?

Hapo ndipo askari wa akiba wanaingia. Polisi wa akiba walianzishwa enzi za ukoloni, 1948, na kaskazini na Bonde la Ufa wakawa kitu tofauti kabisa na ule mpango wa awali: mwanakijiji anapewa bunduki ya serikali, hana mshahara, analinda mifugo ya kwao. Kwa wengi ndio usalama pekee waliowahi kuuona. Kwa jirani, huyo askari wa akiba ni adui mwenye bunduki ya serikali. Mwaka 2019 serikali ikazirudisha bunduki zao ikisema zinatumika vibaya. Viongozi wa kaunti za Bonde la Kerio na jirani zake wakapiga kelele: mmetuacha uchi. Mashambulizi yakaendelea, na baadaye askari wa akiba wakarudishwa.

Sasa rudi kwa gavana wetu wa runinga. Mwezi Januari anataka sheria kali ya silaha na bunduki zote haramu zikusanywe. Mwezi Machi anataka askari wa akiba zaidi wapewe silaha. Mtandao unasema ni kigeugeu. Mimi nadhani anasema kitu kimoja mara mbili: ondoa bunduki ya jirani kabla ya kuondoa yangu, na usiponihakikishia, niongezee. Ni somo la 1918. Jirani yake wa kaunti ya pili anasema maneno hayo hayo, na wote wawili wanaungwa mkono na wapiga kura wao kwa haki kabisa.

Hapa ndipo kaunti peke yake haiwezi, na si kwa sababu ya Jedwali la Nne peke yake. Hata ukiipa Baringo mamlaka yote ya silaha leo, kesho itapokonya watu wake na West Pokot haitapokonya, au kinyume. Tayari Uganda ilifanya hivyo kwa kiwango cha nchi: ilianza kukusanya silaha Karamoja mwishoni mwa 2001, na waliosalimisha mapema wakavamiwa na majirani ambao hawakuguswa, wakiwemo wa upande wa Kenya. Wengine wakarudi kununua.

Kwa wanaopenda kutolea mfano Marekani (najua mpo), mfano huo unafundisha jambo hili hili. Chicago ilizuia raia kumiliki bastola tangu 1982. Kila mwaka watu wakaendelea kupigwa risasi, na wapinzani wa udhibiti wakawa wanacheka. Lakini ripoti za jiji lenyewe zilionyesha zaidi ya nusu ya bunduki zilizokamatwa kwenye uhalifu zilikuwa zimetoka majimbo mengine, nyingi Indiana, ambako mpaka ni barabara tu. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya huko ikabomoa marufuku yenyewe. Majimbo zaidi ya 40 pia yana sheria zinazozuia miji yao kutunga kanuni kali za bunduki. Ndiyo maana mameya walijikusanya: mwaka 2006 mameya 15 walikutana New York kuanza umoja wa kuisukuma serikali ya taifa, na umoja ukakua hadi mamia. Meya wa Chicago na gavana wa Samburu wako mbali sana, lakini malalamiko yao yanafanana: mimi ndiye nazika, mwingine ndiye anaandika sheria.

Tofauti ni kwamba Marekani mameya wanaomba sheria kwa sababu sheria ya taifa ni legevu. Kwetu sheria ni kali. Kumiliki bunduki bila cheti ni jela, na rashasha kwa raia ni marufuku kabisa. Makadirio ya 2012, yaliyofanywa na Small Arms Survey pamoja na kitengo cha serikali cha silaha ndogo, yalisema kuna bunduki kati ya 530,000 na 680,000 mikononi mwa raia. Mwaka 2016 serikali ilichoma bunduki 5,250 Ngong mbele ya kamera. Picha nzuri, moto mkubwa. Haifiki asilimia 1 ya makadirio ya chini.

Kwa hivyo kaunti zikiomba "sheria kali zaidi", tunafaa kuuliza ukali uko wapi. Kama ni kuongeza miaka ya kifungo, mimi sioni faida. Kijana anayelinda ngamia Suguta hajui adhabu ni miaka mingapi na hata akijua haitambadilisha, kwa sababu adhabu ya kukosa bunduki ni kifo. Novemba 2012 polisi zaidi ya 40 waliuawa karibu na Baragoi wakifuata mifugo iliyoibwa. Kama polisi wenye sheria, redio na sare wanauawa namna hiyo, mwambie raia aamini cheti.

Ukali ninaoutaka mimi uelekezwe kwa serikali yenyewe. Kila risasi inayotoka ghala la polisi au la askari wa akiba ihesabiwe kwa jina, na asiyeweza kueleza ilipokwenda ashtakiwe. Kila bunduki ya akiba iwe na alama na rekodi ambayo Mamlaka ya Polisi ya Kaunti inaweza kuiona, maana sasa gavana anajua bunduki ngapi zimegawiwa kwake kwa uvumi. Na ukusanyaji wowote wa silaha uanze siku moja pande zote za mpaka, wa kaunti na wa nchi, ulinzi ukifika kabla ya gunia la kukusanyia. Kenya na Uganda zilitia sahihi makubaliano Moroto Septemba 2019 kuhusu Turkana, Pokot na Karamoja, kwa hivyo msingi wa upande wa nchi upo.

Badala yake kaunti zikiomba sheria hupewa operesheni. Februari 2023 majeshi yalipelekwa kusaidia polisi kwenye kaunti sita: Turkana, West Pokot, Elgeyo Marakwet, Baringo, Laikipia na Samburu. Watu walipewa siku 3 kusalimisha silaha. Siku 3! Mtu aliye na mifugo Suguta hapati hata habari kwa siku 3. Kuna viongozi wa kaunti walioshangilia na kuna waliolalamika, na ukiangalia ramani utaona waliolalamika ni nani: waliohisi wao ndio watapokonywa kwanza.

Mtauliza kaunti zinaweza kufanya nini zaidi ya matamko. Zaidi ya mnavyofikiri. Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi bungeni, hata la kubadilisha sheria, na bunge linalazimika kulishughulikia. Kaunti zinazopakana zinaweza kupeleka ombi moja la pamoja. Baringo, Laikipia, Samburu na Isiolo tayari zina mpango wa pamoja wa Amaya, jina la mahali mipaka inapokutana. Ombi la gavana mmoja dhidi ya kaunti jirani ni siasa, nakubali. Ombi lenye sahihi za kaunti ambazo watu wao wanauana, likisema tupokonyeni sote siku moja na mtulinde sote siku hiyo hiyo, hilo ni la kusomwa ukumbini hata kama hulipendi.

Basi mkutano wa siasa ukifika kwenu na mgombea aseme atamaliza bunduki, msimuulize kama anaunga mkono. Wote wanaunga mkono. Muulizeni Mamlaka ya Polisi ya Kaunti ilikaa lini mara ya mwisho na iliandika nini. Muulizeni kama yuko tayari kusimama jukwaa moja na mwenzake wa kaunti jirani aseme maneno hayo hayo kwa lugha zote mbili. Na muulizeni ni bunduki ngapi za akiba ziko kwa kaunti yenu.

Wenye maswali wekeni chini, nitajibu kesho jioni. Asubuhi nina mtihani, na haujauliza chochote kuhusu Modogashe.